Kuhesabu Vinywa vya Ngege

Baraka, Jumamosi 8 Septemba 1956

Daftari hili lilikuwa la dispansari. Lina safu nne: jina, kidonda, dawa, siku. Maji ya paa yaliharibu kurasa za mwanzo, likatupwa, nami nikaomba zilizobaki, kurasa mia na kumi na mbili. Nitaandika nikikata safu zote.

Leo darasa la biolojia limeanza. Tuko kumi na mmoja. Kumi wametoka shule ya misioni na vyeti vyao vina mihuri. Wa kumi na moja ni mimi, Kabera, karani wa dispansari, miaka ishirini na saba, niliyejifunza kusoma kule milimani nyuma ya ng'ombe wa baba, kwa kitabu cha nyimbo za kanisa kisicho na jalada. Mwalimu Placide aliniuliza cheti changu kiko wapi. Nikamwambia anipe kitu chochote nisome. Akanipa karatasi ya chanjo, ya Kifaransa, nikaisoma, nikaitafsiri, nikamwonyesha na mahali ambapo hesabu ya chupa ilikosewa. Akaandika jina langu. Hakucheka.

Darasa ni kila Jumamosi mchana. Mwalimu ana sanduku la bati lenye vitabu kumi na viwili vya sayansi, vile vinavyoandikwa kwa ajili ya watu wa kawaida, wasio wataalamu. Kila mmoja wetu atasoma viwili, na juu ya kila kimoja ataandika kile anachoita compte rendu critique, yaani uhakiki: kitabu kinasema nini, kimethibitisha nini, kimeshindwa wapi. Alama ishirini kwa kila uhakiki. Mwenye jumla ya juu, jina lake litapelekwa Fizi, na kutoka Fizi hadi Bukavu, kwenye shule ya wasaidizi wa maabara, wale wanaotazama damu kwa mikroskopi. Nafasi ni moja, na kwa wenye umri wangu ni mwaka huu au basi.

Watu kumi na mmoja, nafasi moja. Milimani nimeona chui mmoja na ndama kumi na mmoja. Hesabu hizo huwa zinaisha vibaya.

Jumamosi 15 Septemba

Nimepewa kitabu cha mbu. Kurasa 140. Nimekwisha kusoma 60 nikiwa nimesimama.

Jumatano 19 Septemba

Joto. Vidonda 31, kikohozi 12.

Jumamosi 29 Septemba

Alama za kwanza zimetoka. Mimi 13. Albert 16.

Albert ni mtoto wa katekista, shati lake lina kola ngumu. Mwalimu alimwambia asome uhakiki wake mbele yetu. Alianza kwa kumsalimia mwandishi na nyumba yake yote. Akamshukuru kwa kuchoka kwa ajili yetu. Akasema kitabu ni taa. Mwisho akamtakia maisha marefu. Wengine tisa nao waliandika hivyo hivyo, kwa sababu hapa kwetu kitabu ni mzee, na mzee hasemwi kasoro zake mbele ya watu. Ukiwa na neno naye, unamtuma mjomba.

Mimi niliandika: mwandishi anasema mbu wengi wanakaa upande wa kivuli wa nyumba, lakini hasemi ni nyumba ngapi alizoingia wala mbu wangapi alihesabu. Mwalimu alipiga mstari chini ya sentensi hiyo, akaandika pembeni: "Adabu."

Nilimwuliza kama compte rendu critique haitaki kasoro. Akasema inataka, lakini nimezungumza na kitabu kama mtu anayemfokea mtoto. Basi nimeshindwa kwa alama tatu, moja kwa kila salamu niliyosahau.

Kisha tukapiga kura ya kitabu cha pili. Nikachomoa cha samaki wa ziwa letu, jalada la kijani. Darasa likaanguka kicheko. Mimi ni mtu wa ng'ombe. Kwetu hatuli samaki, hatuwashiki, na mkono uliomshika samaki haugusi kibuyu cha maziwa. Albert alisema kwa upole kabisa, "Kabera atatuandikia samaki iko na pembe ngapi."

Jumatatu 1 Oktoba

Mvua ya kwanza. Fupi.

Ukurasa wa 88. Naunakili kwa maneno yangu: ngege jike, njaa inapomshika, humeza watoto wake mwenyewe, na mvuvi akimfungua kinywa huwakuta bado wako hai. Mwandishi anaongeza kwamba hapo ndipo tunaona wanyama wa chini hawana huruma ya mama. Katika dibaji anasema alikaa ziwani siku tisa.

Siku tisa. Samaki wangapi? Hasemi. Huyu naye hasemi.

Jumatano 3 Oktoba

Nimekwenda ufukweni wanapoparua samaki. Kati ya bamama, akina mama waparuaji, anayesikilizwa ni Constance, mjane, mikono imara, kisu chake kimelika hadi kimekuwa chembamba kama jani. Nilisimama mbali kwa sababu ya harufu. Nikamwuliza kama ni kweli ngege anakula watoto wake.

Hakuinua kichwa. "Nani alikuambia?"

Nikasema kitabu.

"Kitabu ile ilisha kuparua ngege ngapi?"

Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa na magamba hadi kwenye viwiko. Ni swali langu hasa, na limetoka kwa mtu asiyejua herufi moja.

Akanieleza huku anaparua. Mama ngege anabeba mayai kinywani, kisha watoto, mpaka wawe na nguvu ya kuogelea. "Iko anabeba, hamezi. Na siku zile hakule kitu. Sie tunamujua kwa tumbo: utumbo yake iko mwembamba kama uzi, hakuna kazi ya kusafisha. Na nyama yake haina mafuta. Mwenye kununua anakataa."

Bamama wakacheka kwa kuwa mtu wa milimani anauliza habari za vinywa vya samaki. Mmoja akasema niko natafuta kuoa ngege. Nimeandika kila neno.

Jumamosi 6 Oktoba

Nimeamua. Maneno ya Constance hayatatosha; mwalimu ataandika "Adabu" tena. Nitahesabu.

Alhamisi 11 Oktoba

Siku nne nimefungua ngege pale ufukweni, kabla na baada ya kazi, kwa mkono wangu mwenyewe, huu ninaoandikia. Mara ya kwanza nilitapika nyuma ya mtumbwi. Mara ya pili sikutapika.

Jumla 96. Wenye watoto kinywani: 2.

Wawili katika tisini na sita. Constance amenidanganya, au mimi ni mjinga.

Ijumaa 12 Oktoba

Mke wangu Mukankuranga ameweka kata ya maji nje ya mlango. Nanawa nje, nakula nje. Leo nilinyoosha mkono kuelekea kibuyu cha maziwa, bila kufikiri. Akakivuta.

"Baba Georgette, yule ng'ombe wetu alikukosea nini?"

Nikamwambia ni kazi ya shule. Akasema kule kwao shule haina magamba.

Jumapili 14 Oktoba

Baada ya ibada nimemtafuta Fabien. Ni mvuvi, Mubembe wa hapa hapa. Mwezi wa saba nilimwandika katika safu ya vidonda, ndoano kiganjani. Nilimwambia hesabu yangu ya 96. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Kabera, we unahesabu nyumba wakati benyeji balisha kutoroka. Mama ngege akishikwa na wavu, anatapika batoto yote mu maji. Unaonaka ngege yenye imefika inje, iko mutupu."

Basi. Siku nne, samaki tisini na sita, kutapika kwangu, kata ya maji mlangoni: sifuri. Nimekata mstari juu ya ukurasa mzima. Iliniuma kuliko ile 13, kwa sababu ile 13 ilikuwa kosa la mtu mwingine.

Nilimwuliza kama inawezekana kumshika kinywa kabla hajatapika. Alifikiri. Akasema akimwona wavuni kabla ya kumtoa majini, anaweza kumbana midomo na mashavu kwa mkono mmoja, na mwingine amfunge kwa ukamba wa mgomba.

"Batu batasema nini?" akauliza.

"Watanisema mimi, si wewe. Mimi nimezoea."

Alhamisi 18 Oktoba

Fabien ameleta ngege 11 waliofungwa vinywa kwa ukamba wa mgomba, kama mbuzi wa sokoni. Nimefungua mmoja mmoja. Watatu wana watoto. Watatu katika kumi na mmoja.

Ufukwe wote sasa unaniita Muchungaji ya Samaki.

Jumapili 21 Oktoba

Jambo la leo niliandike polepole.

Fabien alikuja nyumbani na kikapu chake. Mukankuranga alimwonyesha pa kukiweka, mbali, chini ya upepo, kisha akampa kiti, maana mgeni ni mgeni. Wakati huo ng'ombe wetu wa pekee, tunayemfunga nyuma ya nyumba, alikuwa amezaa asubuhi. Fabien hajawahi kuona ng'ombe akizaa. Alikwenda kutazama, akarudi uso umebadilika.

"Shemeji," akamwambia mke wangu, "ng'ombe yenu iko inakula mutoto."

Tulikimbia. Ng'ombe alikuwa anakula kondo la nyuma, kama wanavyofanya wote. Ndama alikuwa amelala kando, amelambwa, masikio yamesimama. Mukankuranga alicheka mpaka akashika ukuta. Hata mimi nilianza kucheka. Kisha nikaacha.

Fabien si mjinga. Aliona damu, aliona kinywa kinatafuna, aliona ni mama, akaunganisha. Alikosa kitu kimoja tu: hakungoja amtafute ndama. Mwandishi wa jalada la kijani alifanya vile vile. Alifungua kinywa, akawakuta watoto, akafunga kitabu. Hakulifungua tumbo.

Nilikuwa nahesabu nusu ya jambo. Kuanzia kesho kila ngege atafunguliwa mara mbili, kinywa na tumbo.

Jumatano 24 Oktoba

Mvua. 14 leo, 2 na watoto, matumbo yote mawili matupu.

Jumanne 30 Oktoba

Mvua siku tano. Mto Mutambala umeleta matope, maji ya ufukwe wa Baraka yamekuwa kama chai, nyavu zinatoka tupu. Samaki 0.

Ijumaa 2 Novemba

Fabien amehamia Lweba ambako maji ni safi. Nimeomba baiskeli ya dispansari kwa Jumapili na Jumatano, kwa sharti nipeleke dawa za minyoo huko. Nimekubali haraka mno, walidhani nitabisha.

Jumapili 4 Novemba, Lweba

38. Tisa na watoto. Constance amekuja kwa dada yake hapa, akakaa nami kufungua. Kasi yake ni mara tatu ya yangu, na hakosei. Ananiambia "tupu" au "imekula" kabla hata sijainama. Nilikuwa nadhani namfundisha kuhesabu. Nilikuta ana hesabu yake, kokoto: nyeupe kwa tupu, nyeusi kwa iliyokula, kikapu kimoja kimoja. Nikalinganisha na karatasi yangu. Karatasi yangu ilikuwa na kosa moja.

Jumatano 7 Novemba, Lweba

44. Nane.

Jumapili 11 Novemba, Lweba

52. Kumi.

Katika wale kumi kuna mmoja. Kinywani ana watoto. Tumboni ana mtoto mmoja wa ngege, mzima, macho yanaonekana.

Fabien akasema mumoja si kitu, mutupe mu maji. Constance akaniangalia tu.

Nimerudi na baiskeli katika matope, nikaisukuma zaidi ya kuipanda, na njia nzima nimebishana. Huyu mmoja hana shahidi isipokuwa watu wawili wasiosoma. Nikimwacha, uhakiki wangu unasimama kama ukuta. Nikimwandika, nampa mwalimu tofali la kunipiga. Nafasi ni moja. Miaka ishirini nimekwenda na viatu vya wengine.

Lakini nimemlaumu mtu kwa kutosema alichoona. Nitamwandika.

Jumatano 14 Novemba

Nimefunga hesabu. Ngege jike waliofungwa vinywa majini na kufunguliwa mara mbili, pamoja na wa siku ambazo sikuziandika humu: 310. Wenye mayai au watoto kinywani: 57. Kati ya 57 hao, matumbo matupu 54, wenye majani na matope kidogo 2, mwenye mtoto mmoja tumboni 1. Waliobaki, wasio na kitu kinywani, 253. Kati yao matumbo matupu ni 41 tu, 212 walikuwa wamekula.

Uhakiki una kurasa mbili. Hauna salamu. Chini nimeandika: wamehesabu pamoja nami Fabien mvuvi na Constance mparua samaki. Juu ya yule mmoja nimeandika hivi: "Sijui kama alimeza kwa njaa au kwa hofu ya wavu. Najua ni mmoja."

Jumamosi 17 Novemba

Nimekabidhi.

Jumamosi 24 Novemba

Tano.

Tano juu ya ishirini. Nimeitazama namba hiyo mpaka ikawa kama mchoro.

Albert amepata 15 kwa kitabu cha nyota. Alimshukuru mwandishi na nyota zenyewe. Ana 31, hakuna aliyemfikia. Mimi nina 18. Hakuna uhakiki wa tatu. Imekwisha kwa tofauti ya kumi na tatu.

Mwalimu aliniita mbele. Alisema kitabu kimechapishwa Ulaya na watu wenye digrii, na kwamba mimi mwenyewe nimekiri katika ukurasa wa pili kuwa nimemkuta ngege aliyemeza mtoto. Akaweka kidole pale. "Basi kitabu kimesema kweli, Kabera. Umejishinda wewe mwenyewe."

Wenzangu hawakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Nilimwambia, "Mwalimu, hamsini na nne ni wangapi katika hamsini na saba?" Akasema hapa si darasa la hesabu. Nikasema kama si la hesabu basi nimekosea mlango. Nikachukua kofia yangu nikatoka mbele ya mwalimu, jambo ambalo sijafanya tangu nizaliwe.

Nimeandika haya nikiwa na hasira, na sitayafuta. Nilitapika nyuma ya mtumbwi. Nimekula nje ya nyumba yangu wiki sita. Nimesukuma baiskeli ya chuma katika matope ya Lweba. Nimeandika ukweli ulioniumiza, na ndio niliopigwa nao. Kama ningemtupa samaki yule majini, kama Fabien alivyosema, leo ningekuwa na alama zangu.

Hapana. Ningekuwa na alama, tena si zangu. Lakini leo sitaki kusikia hilo hata kutoka kwangu mwenyewe.

Jumapili 25 Novemba

Mukankuranga aliuliza nimepata ngapi. Nilipomwambia, aliingia ndani, akachukua kile kitabu cha kijani mezani kwa ncha za vidole, akakiweka nje karibu na kata ya maji.

"Na yeye anawe," akasema.

Jumatatu 26 Novemba

Nimemwambia Constance ufukweni. Nilidhani atasikitika. Aliuliza jina la mwalimu. Nilipolitaja akachomeka kisu katika ubao.

Placide ni mtoto wa dada yake, dada mkubwa. Constance alimlea miaka minne, mama yake alipokuwa mgonjwa. Wiki hizi zote hakuniambia, na mimi sikumtajia jina la mwalimu wangu, kwa kuwa sikumwona mwalimu kama mtu mwenye mama mdogo.

Aliosha mikono, akajifunga kitenge kingine, akaenda.

Jumanne 27 Novemba

Leo saa nne Mwalimu Placide amekuja dispansari. Nilidhani ni homa. Nikafungua daftari kuandika jina lake, akasema hapana, akafunga mlango.

Alikuwa hana sauti ile ya darasani. Alisema mama mdogo wake alifika kwake jana, hakuketi, akamwuliza mbele ya mke wake na mpishi: alipokuwa na miaka sita, ni nani aliyemkataza kuvua ngege mwenye kinywa kilichovimba? Akamwuliza tena. Akajibu: wewe, mama.

"Nilijuaka," Mwalimu akaniambia. "Kila mutoto ya hapa anajua. Lakini mu mtihani yangu ya mwisho balituuliza juu ya ngege, na kitabu ilikuwa ile ile ya kijani. Niliandika vile kitabu inasema. Balinipa zote. Na hizo points ndizo balinipatia nazo darasa hii."

Miezi mitatu nimemwona kama ukuta. Kumbe ni mtu aliyesimama mlangoni, ameushikilia ili kisionekane kinachokaa ndani.

Akaendelea: uhakiki wote unakwenda Fizi pamoja na fomu. Inspekta atausoma. Akiona mwanafunzi anasema kitabu kimekosa, na mwalimu amempa alama, atauliza nani amesema. "Nitamujibu nini? Mama yangu mudogo?"

"Mjibu mia tatu na kumi," nikasema.

Alicheka kidogo, kwa pua. Kisha akauliza kama naweza kufanya tena, mbele ya macho ya darasa, na samaki awachague yeye, mwalimu. Nikasema naweza. Nilipenda jinsi nilivyosema.

Jumamosi 1 Desemba

Mvua asubuhi, kisha jua kali.

Fabien alifika darasani na vikapu viwili vya ngege waliofungwa vinywa, Constance nyuma yake na kisu. Sakafu ililowana, harufu ikajaa, kola ya Albert ikalegea. Tulikuwa tumeweka beseni la dispansari lenye maji ya ziwa juu ya meza ya mwalimu.

Albert alisema, na alikuwa na haki, kwamba labda tumechagua samaki wa kutufaa. Mwalimu akakunja mikono ya shati, akachagua ishirini yeye mwenyewe, bila kutazama, kutoka chini ya vikapu. Constance akafungua. Mimi nikaandika ubaoni. Kumi na sita hawakuwa na kitu kinywani. Wanne walikuwa na watoto. Matumbo manne, mwalimu aliyapasua kwa kisu cha mama yake mdogo: tupu, tupu, tupu, tupu.

Kisha likatokea jambo ambalo hata mimi sikulijua. Wa nne alikuwa amekufa tangu njiani, lakini watoto wake walikuwa hai. Constance aliwamwaga katika beseni, weusi wadogo kama mbegu za mchicha, wakatawanyika. Akamlaza mama yao majini, kinywa wazi. Akasema tungoje.

Watoto walizunguka. Mmoja akasogea kwenye kichwa cha mama. Kisha wawili, kisha kundi. Wakaanza kuingia, mmoja baada ya mwingine, katika kile kinywa ambacho kitabu kinasema ndicho kinachowala. Mama alikuwa maiti, nao walikuwa wanarudi nyumbani.

Watu kumi na mmoja na mwalimu tuliinama juu ya beseni, vichwa vinagusana. Nilihesabu walioingia hadi ishirini na sita, kisha macho yakaingia maji nikapoteza hesabu. Ni mara ya kwanza tangu Septemba.

"Kutoroka, banatoroka kutoka kwenye banaogopa," Constance alisema. "Hawa wanaenda wapi?"

Mwalimu alinawa. Akachukua uhakiki wangu, akakata ile 5, akaandika 19. Nilimwuliza, mbele ya wote, moja imekwenda wapi.

"Ya salamu," akasema. Darasa likacheka, na mimi nikacheka, kwa sababu hiyo sasa ni bei ninayoweza kuilipa. Kisha akasema bila kicheko: "Hesabu peke yake ningelipa kumi na tatu. Yule samaki mumoja mwenye ungeweza kuficha, ndiye amekuongezea sita."

13 na 19 ni 32. Albert 31. Albert mwenyewe ndiye aliyefanya jumla ubaoni, mara mbili, kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu. Akaweka chaki, akanipa mkono. Mkono wangu ulikuwa na magamba. Aliushika hivyo hivyo.

Jumatatu 3 Desemba

Fomu na uhakiki vimeondoka kwa kamyo, yaani lori, kwenda Fizi. Mwalimu ametia sahihi chini ya yangu.

Jumatano 12 Desemba

Daraja la Mutambala limefunikwa na maji. Hakuna habari.

Jumatatu 17 Desemba

Vidonda 40. Hakuna habari.

Jumamosi 22 Desemba

Barua imefika. Nimekubaliwa. Niwe Bukavu tarehe saba Januari, na blanketi moja na sahani yangu. Inspekta ameandika mstari mmoja pembeni mwa uhakiki: anauliza kama kuna wengine hapa Baraka wanaohesabu hivi. Mwalimu amesoma mstari huo mbele ya darasa, akausoma tena.

Nimemweleza Mukankuranga. Alikwenda kumwambia ng'ombe kwanza, kisha akarudi akaniambia mimi kwamba anafurahi.

Mwalimu alitengeneza gundi ya unga wa muhogo. Tukanakili uhakiki kwa mwandiko mzuri, akaubandika ndani ya kitabu cha kijani, ukitazamana na ukurasa wa 88, ili atakayesoma ule asome na huu. Constance alikuja kuangalia. Akauliza jina lake liko wapi. Nikaweka kidole chake juu yake. Alikaa hapo muda, anasugua herufi polepole, kama anatafuta magamba.

Vitabu viligawanywa tena kwa muhula ujao. Albert aliomba cha kijani kabla ya kura, na hakuna aliyembishia. Aliketi kwenye benchi palepale, akaenda moja kwa moja kwenye kurasa zangu, akasoma midomo ikitembea. Nilijifanya nafunga mzigo. Kwa kweli nilikuwa nangoja sifa, nakiri.

Akainua kichwa.

"Kabera, hawa arobaini na moja, wenye hawana batoto mu kinywa na tumbo iko tupu. Tumbo yabo iko tupu juu ya nini?"

Nilifungua kinywa. Nikarudia hesabu kichwani, 253 toa 212, arobaini na moja, wapo, nimeishi nao mwezi mzima bila kuwauliza kitu. Labda walikuwa wametoka kuwaachia watoto wao. Labda kuna jingine. Swali lilinichoma, na chini ya mchomo huo kulikuwa na furaha ambayo sikuitegemea kutoka kwa mtoto wa katekista.

Nikamwambia sijui. Nikachukua kalamu, na kabla gundi haijakauka nikaandika swali lake chini ya hesabu yangu, na jina lake, Albert, na tarehe ya leo.